Aliyefungua Geti

Shuka ya hospitali haikunjwi na mtu mmoja. Ukijaribu peke yako itaburura sakafuni, na ikiburura inarudi kwenye mashine. Ndiyo maana katika chumba cha kufulia tulipangwa wawili wawili, na kwa miaka kumi na minne mwenzangu wa kukunja alikuwa Mama Pole. Yeye anashika pembe zake mbili, mimi zangu mbili, tunavuta, tunakutana katikati, tunaachana, tunakutana tena. Mtu ukikutana naye hivyo mamia ya mara kwa siku, hana cha kukuficha. Mengi ya haya nimeyapata kwake, na mengine niliyaona kwa macho yangu.

Jina la Pole alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Mashine ikigoma, yeye ndiye wa kwanza kuipapasa ubavuni: "Pole, mama, umechoka." Ukijikwaa kwenye mkokoteni, pole. Ukipiga chafya, pole. Siku moja tulikuta meno bandia yameviringishwa ndani ya shuka chafu, akayashika kwa glavu, akayatazama kwa huruma akayaambia, "Poleni jamani, na mwenyewe leo atatafuna nini?" Tulicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini.

Alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, baba mkwe wake, ambaye alikuwa na wana wengine wawili wenye nyumba kubwa kuliko ya marehemu, alikataa kuhamia kwao. "Mimi nakaa na mwanangu," alisema, na mwana aliyemkusudia ni huyu mkwewe. Basi wakabaki wawili katika nyumba ya vyumba vitatu yenye ua mdogo na geti la bati. Mzee masikio yake mazito, magoti yake hayataki tena ngazi. Mama Pole anaamka saa kumi alfajiri, anamchemshia chai, anamwekea dawa kwenye kisahani kwa mpangilio wa saa, anamfulia shuka aliyolalia kama usiku ulikuwa mbaya, ndipo anakuja kazini kufulia wengine. Zamu yetu ilianza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa tisa alasiri, kutwa umesimama kwenye saruji yenye maji, ndani ya mvuke. Akivua viatu jioni, mistari ya kamba za viatu ilibaki imechoreka kwenye ngozi kama mtu aliyefungwa.

Kisha kulikuwa na mbwa. Binti yake, kabla ya kuhamia mji mwingine alikopata kazi, alimletea mtoto wa mbwa ndani ya boksi la viatu. "Atawalinda, mama. Nitakuwa nakuja kumwona." Mtoto wa mbwa alikua haraka kuliko zile safari za kuja kumwona. Akawa dume refu la rangi ya kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala, na sauti inayotikisa mabati. Baba mkwe ndiye aliyempa jina la Tarumbeta. Alisema ndiye pekee humo ndani anayemsikia bila kuuliza mara mbili.

Tarumbeta hakuwa mkali. Hilo hata waliomchukia watakubali. Alikuwa na nguvu nyingi, ua ulikuwa mdogo, basi. Mama Pole akirudi anakuta ndoo imepinduliwa, ndara ya mzee imetafunwa, shimo limechimbwa chini ya geti. Mwanzoni alimtembeza kwa kamba, kila siku, na kila siku kamba ile ilimvuta mabega. Halafu siku moja alifika nyumbani hoi bin taaban, akafungua geti, akakaa kwenye kigoda avue viatu, na mbwa akapita kando yake akatoka. Hakumwita. Baada ya nusu saa Tarumbeta alirudi mwenyewe, ulimi nje, akalala kivulini kama mtu aliyetoka shamba.

"Kumbe njia anaijua," aliniambia kesho yake.

"Afadhali," nikamjibu. "Umejipunguzia kazi moja."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu ni yangu.

Nyumba ya tano kutoka kwake aliishi fundi cherehani, mwanamume wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliishi peke yake na mbwa mdogo mweupe aliyemwita Kifungo. Kifungo alikuwa mzee kwa hesabu za mbwa. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu na miguu ya nyuma ilitetemeka. Kila siku saa kumi alasiri fundi aliacha cherehani apumzishe macho, akamtembeza Kifungo mpaka kwenye duka la dawa na kurudi. Alimshika kwa mkanda wa buluu alioushona mwenyewe, mishono mitatu mitatu. Hakuwahi kumwachia, hata barabara ikiwa tupu.

Saa kumi ndiyo saa ambayo Mama Pole alikuwa anafika na kufungua geti.

Mara ya kwanza fundi alikuja kwa adabu zake zote. Alisimama nje ya geti, Kifungo amembeba kwapani.

"Dada, habari za kazi?"

"Nzuri, fundi. Karibu."

"Nimeshakaribia, sikai. Ni huyu wako. Najua hana ubaya. Lakini wangu haoni vizuri, akishtukizwa anaogopa. Nakuomba, ukimtoa umshike."

"Sawa, fundi. Nimekusikia."

Alimshika siku tatu. Siku ya nne tulikuwa na shuka za wodi mbili zilizorudi kwa pamoja, na alipofika nyumbani akafungua geti tu.

Mara ya pili fundi hakubisha. Walikutana dukani, akamwambia, "Dada, bado." Neno moja hilo. Mama Pole akajitia hamnazo, akauliza bei ya sabuni. Alinisimulia mwenyewe, na alikuwa anacheka kidogo, cheko la mtu anayejua si la kucheka. "Huyu fundi naye," akasema, "mbwa kama paka, anamlinda kama mtoto wa mfalme."

Ilitokea majuma mawili kabla ya shule kufunguliwa. Siku hiyo mashine kubwa ya kukamua ilikuwa imeharibika, tukakamua kwa mikono tangu asubuhi, na nakumbuka Mama Pole hakuiambia pole. Alifika nyumbani, akafungua geti, akakaa. Alikuwa amevua kiatu kimoja aliposikia kubweka.

Alitoka na kiatu kimoja mguuni. Barabarani Tarumbeta alikuwa anamzunguka fundi mbio, anainama mbele, anaruka, mkia juu, kama anavyofanya akitaka mchezo. Kifungo hakuuona mchezo. Alichosikia ni vishindo vinavyomjia kutoka upande asioona. Alinguruma, akang'ata hewa, akakimbilia upande huu, mkanda ukamrudisha, akakimbilia ule. Fundi alikuwa ameinama anajaribu kumnyanyua, anapiga kelele, "Dada! Mwite mbwa wako! Mwite!"

Kutoka getini mpaka pale ni hatua ishirini. Mama Pole aliniapia kwamba aliziona, hatua ishirini zile, akaziona ndefu kama safari. Miguu ikakataa. Basi akapaza sauti kutoka alipo:

"Hang'ati huyo, fundi! Anataka kucheza tu!"

Fundi aligeuza kichwa kumtazama. Kifungo alikuwa ameshapita mara mbili kuzunguka miguu yake, mkanda ukakaza magotini, na mzee wa watu akaenda chini kama nguzo. Alitanguliza mkono wa kulia kwenye ukingo wa mtaro. Mama Pole aliusikia ule mfupa. Alisema ulilia kama kibanio cha nguo kinapovunjika.

Sasa hizo hatua ishirini alizipiga. Alimkuta fundi amekaa chini, uso umepauka, mkono ameukumbatia. Na yule mwanamke aliyeyapa pole meno ya mtu asiyemjua, neno la kwanza lililomtoka lilikuwa:

"Lakini hakumgusa."

Kwa mkono wa kushoto fundi aliufungua mkanda wa buluu miguuni mwake, akamnyooshea. "Nishikie huyu," akasema. Jirani mmoja alikuwa ameshatoa gari. Fundi akaondoka, na Mama Pole akabaki katikati ya barabara na kiatu kimoja, mkono huu amemshika Tarumbeta shingoni, mkono ule ana Kifungo anayetetemeka, na watu wanamtazama.

Fundi alirudi jua linazama, plasta ngumu tangu vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Alimchukua mbwa wake mlangoni, akasema asante. Yeye ndiye aliyesema asante.

Kesho yake kazini Mama Pole hakunyamaza. Kila tulipokutana katikati ya shuka alikuwa na hoja mpya. Wake hakung'ata. Aliyeanza kunguruma ni Kifungo. Aliyefunga mkanda miguuni ni Kifungo. Barabara ni ya watu wote. Na sisi tukamuunga mkono, chumba kizima. Mmoja akasema mambo ya mbwa wamalizane mbwa. Mimi nikasema, "Na mbwa mzee asiyeona anatolewa nje kutafuta nini?" Akaniambia, "Waona!" na tukavuta shuka kwa nguvu mpya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo walivyosema wahenga, na siku ile tulikuwa tumeubeba mkono wa fundi wa watu bila kuhisi uzito wowote.

Jioni alimsimulia baba mkwe wake yote tena, kwa sauti ya juu, karibu na sikio. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasogeza kisahani chake cha dawa.

"Geti alifungua nani?" akauliza.

"Baba, nilikuwa nimechoka."

"Sikukuuliza hali yako. Hali yako naiona kila siku, na mimi ni sehemu yake. Nimekuuliza geti."

Mama Pole aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi alikwenda kwa fundi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia ndani. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa sare za shule: sketi za buluu zimekatwa, mistari ya chaki bado inaonekana, zimerundikwa mpaka dirishani, kila furushi na karatasi yenye vipimo vya mtoto. Fundi alikuwa kwenye cherehani anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Kifungo alikuwa chini ya meza, na alipousikia mlango alibweka bila kutoka.

"Nimekuja kukuona," Mama Pole akasema.

"Umefanya vizuri. Kaa, sogeza hizo."

"Wamesemaje?"

"Wiki sita. Halafu tutaona kama vidole vinakubali."

Alitazama sketi zile. "Na hizi?"

"Hizi ndizo zinazoninyima usingizi."

Na badala ya neno lililompeleka, Mama Pole alijisikia anasema tena, "Lakini fundi, kwa kweli wangu hakumgusa mtu."

Fundi aliacha uzi. Hakukasirika, na Mama Pole alisema afadhali angekasirika.

"Ni kweli, hakunigusa. Lakini dada, nikueleze kitu. Mbwa akiwa huru, akiogopa anakimbia. Huyu wangu nimemfunga. Nimemnyima mbio, nimemwachia meno tu. Kwa hiyo nikimfunga, namwambia: usiogope, hakuna kitakachokujia. Hiyo ndiyo ahadi ya kamba. Mimi upande wangu niliutimiza kila siku. Upande wa pili haukuwa mikononi mwangu."

Mama Pole aliaga. Lakini akiwa mlangoni alisikia Kifungo analia, kilio kile chembamba cha mbwa anayetaka kutoka, na fundi anamwambia, "Leo hapana, mzee mwenzangu. Nikianguka tena nani atatuokota?"

Akarudi ndani. "Nipe mkanda," akasema.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila siku saa kumi Mama Pole alifika nyumbani, akanywa maji akiwa amesimama kwa sababu akikaa hainuki, akamfunga Tarumbeta kamba, akamtembeza mpaka akachoka, akamrudisha, akafunga geti kwa komeo. Kisha akaenda kumchukua Kifungo, ambaye mwendo wake ulikuwa wa kunusa kila jiwe na kulitafakari. Wiki mbili za kwanza aliwatembeza mmoja mmoja. Halafu, kwa kuona siku hazitoshi, akaanza kuwazoeshana: Kifungo upande wa kushoto, Tarumbeta kulia, yeye ukuta katikati. Ilichukua siku nyingi na vipande vingi vya mkate. Mwishowe Kifungo alikubali kutembea bila kunguruma, ilimradi yule mkubwa asije upande wa jicho bovu.

Na sare nazo. Alianza kwa kushona vifungo na kupiga pasi, maana pasi anaijua kuliko anavyojua kulala. Lakini mishono ya cherehani ilihitaji mikono miwili, na fundi alikuwa nao mmoja tu. Basi wakabuni. Miguu ya Mama Pole ilikuwa imekwisha, ya fundi ilikuwa mizima. Wakakaa kwenye benchi moja, fundi anakanyaga, yeye anaongoza kitambaa. Siku ya kwanza walivunja sindano tatu.

"Polepole, fundi! Unakimbilia wapi?"

"Mimi sikimbii, wewe ndiye unayevuta. Usivute. Kisindikize."

"Nakisindikiza wapi, hakinisubiri!"

"Pindo ni vidole viwili, dada. Hivyo ni vitatu. Mtoto atavaa sketi au pazia?"

Nilikwenda kuwasaidia Jumamosi mbili, kwa sababu ya yale maneno yangu ya afadhali. Nilikaa kwenye ngazi nikifumua mishono iliyopinda, na ilikuwa mingi. Nilimwona Mama Pole kwa pembeni. Alikuwa amekonda usoni. Macho yalikuwa yameingia ndani, na kila baada ya muda alifunga jicho moja, akalipumzisha, akafungua, akafunga la pili. Neno lile bado hakuwa amelisema. Nilimuuliza njiani tukirudi.

"Kila nikitaka kulisema naona ni dogo," akajibu. "Nimelitumia hovyo miaka yote hii. Sasa nimpe yeye kitu nilichokuwa naipa mashine?"

Hao wawili walimaliza sare nyingi, si zote. Wazazi wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao wakapeleka kwa mwingine, na mmoja alisema maneno makali mbele ya mlango. Fundi akayapokea. Mama Pole alikuwa ndani ameshika pasi, akayasikia yote.

Wiki ya tano ndipo likatokea la muuza vioo. Huyu alikuwa na duka mwisho wa barabara, mtu mnene mcheshi, na alikuwa na jike jeusi la mbwa ambalo kutwa lililala mlangoni bila kamba. Mama Pole alikuwa anapita na mbwa wake wawili, kushoto na kulia, alipoliona lile jike linainuka. Likaja. Halikuja kwa mchezo wala kwa vita, lilikuja tu, shingo imenyooka, moja kwa moja kwa Kifungo, upande wa jicho la ukungu.

Aliinama akamnyakua Kifungo kwa mkono mmoja, akampandisha begani. Kifungo akapiga kelele kama anachinjwa. Tarumbeta akaruka mbele, kamba ikateleza kiganjani mwa Mama Pole ikaondoka na ngozi. Akaizungusha mkononi, akaegemea nyuma kwa uzito wote aliokuwa nao. Jike jeusi likazunguka nyuma yake.

"Baba! Njoo umchukue mbwa wako!"

Muuza vioo alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Akapunga mkono kwa uchangamfu. "Hana neno huyo, mama! Mpole sana! Anasalimia tu!"

Aliniambia kwamba aliyajua maneno hayo kabla hayajatoka kinywani mwa yule mtu. Aliyajua mpaka mpangilio wake. Na aliyaona yale macho: hayakuwa macho ya mtu mbaya, yalikuwa macho ya mtu ambaye hataki kuinuka.

"Nimekwambia njoo!"

Alikuja, taratibu, kikombe mkononi asimwage. Akalishika jike lake kwenye ngozi ya shingo. "Mbona hasira, mama? Wala wangu hajabweka. Huyo wako mkubwa ndiye mwenye fujo, umfunze."

Mama Pole aliondoka na Kifungo begani, moyo wa mbwa ule unampiga sikioni mbio mbio, damu kidogo inamtoka kiganjani, Tarumbeta anageuka geuka nyuma. Hakwenda kwake. Alikwenda kwa fundi, akamfunga Tarumbeta kwenye nguzo ya nje, akaingia akakaa sakafuni, chini kabisa, mgongo ukutani, Kifungo mapajani.

Fundi aliona kiganja. "Nini tena?"

"Fundi, pole."

"Pole ya nini?"

"Ya mkono wako. Ya hizi sare. Na ya kukuona umeanguka halafu nikamtetea mbwa." Alimsogeza Kifungo mapajani. "Uliniambia mara mbili. Mimi nilikuwa nimechoka, kweli, lakini wewe siye uliyenichosha. Mzigo wangu niliutua barabarani, ukakuangusha wewe."

Fundi alimtazama juu ya miwani yake.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningekutukana. Nilikuwa na matusi mazuri kabisa, nimeyapanga hospitalini. Sasa hata siyakumbuki." Akainuka, akaleta kitambaa safi na maji, wakaosha kiganja kile, yeye kwa mkono mmoja na Mama Pole kwa mmoja.

Plasta ilitolewa wiki iliyofuata. Mkono ulikuwa umeunga, umepinda kidogo kwenye kifundo. Kushona fundi alianza tena, lakini mkasi wa vitambaa vizito ukawa unamshinda baada ya vipande vichache, na mpaka leo makoti hapokei. Vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi asubuhi za baridi. Hilo halikurudi lilivyokuwa, na hakuna aliyejifanya limerudi.

Mama Pole aliendelea kwenda, jioni baada ya jioni, kumkatia. Siku moja kazini nilivuta shuka, nikaona inanijia yote pamoja naye. Alikuwa amelala wima, pembe zake mbili zimeshikwa imara mikononi, na akaniangukia kifuani kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Msimamizi akasema aende nyumbani. Akakataa, akasema ana kazi ya fundi jioni.

Sijui nani alimfikishia fundi habari. Kama ni mimi, sikatai. Jioni ile Mama Pole alipofika, alimkuta fundi amesimama mlangoni, mkanda wa buluu mkononi mwake mwenyewe.

"Dada, kesho usije."

"Nimekosea nini?"

"Hujakosea. Mkono unatosha. Unatosha kwa kazi niliyobakiwa nayo. Wewe nenda ukalale."

"Na Kifungo?"

"Nitamtembeza mimi. Nimebadilisha saa, tutatoka asubuhi." Akaangalia chini. "Nisikufiche. Yule mkubwa wako sijamzoea. Najua hana ubaya. Lakini nikimsikia tu, mkono unauma. Wewe mtoe jioni, mimi asubuhi, tusikutane. Si kwa chuki."

Ilimchoma, aliniambia. Alikuwa ameshawazoea, fundi na mbwa wake na hata lile benchi. Lakini alisema sawa, na safari hii sawa yake ilikuwa na maana yake. Alikwenda nyumbani, akamwekea mzee dawa, akalala na viatu. Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alilala mpaka saa saba mchana. Baba mkwe alijichemshia chai mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka, nusu akaimwaga, na kila Tarumbeta alipotaka kubweka alimwonyesha fimbo.

Tarumbeta sasa hatoki bila kamba, na komeo la geti limebadilishwa, liko juu, mahali ambapo mkono uliochoka haufiki kwa bahati mbaya. Miguu ya Mama Pole ni ile ile. Muuza vioo bado analiachia jike lake. Ameshaambiwa mara mbili, na mara zote mbili amejibu sawa, mama, nimekusikia. Kwa hiyo Mama Pole hapiti tena mwisho ule wa barabara. Anazunguka kwa nyuma, kando ya ukuta wa shule, dakika kumi zaidi kwenda na kumi kurudi.

"Nifanyeje?" aliniambia juzi, anafunga kamba za viatu tayari kuondoka. "Mwenye kamba ni mimi."